Toba Isiyorudisha Kitu

  

Neno tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi lilianza katika mkutano wa maombi wa Jumatano, miaka kadhaa iliyopita, wakati tulipokuwa bado tukipokea unga, maharagwe na mafuta. Baada ya wimbo wa pili ndugu mmoja alisimama. Hatumtaji jina, naye ametukubalia tuandike. Alisema kwamba mama yake mzazi alipofariki tulimzika wote pamoja naye, lakini jina la mama lilibaki kwenye karatasi ya mgao. Kwa miezi 14 alikuwa akipokea fungu la marehemu. Alisema Roho amemsumbua usiku mwingi, na kwamba hataki tena. Kisha akauliza: "Wazee wangu, nimetubu. Sasa nirudishe wapi? Unga tumeshakula."

Kwa desturi yetu mtu akishuhudia hivyo tunapiga makofi na mama mmoja anaanzisha wimbo. Siku ile hakuna aliyeanzisha. Sababu yake inajulikana. Wengi tuliokuwa ndani ya hema lile tulikuwa na jina la ziada. Mwingine alikuwa na mtoto aliyeolewa kambi nyingine na kuandikwa huko pia, mwingine alikuwa na ndugu aliyerudi Masisi. Sisi tunaoandika ukurasa huu tulikuwa na jina la kijana aliyekwisha kurudi Goma zamani, na kila mwezi tulijibu "yupo".

Mzee mmoja wa kanisa alisema kwamba ndugu amekiri mbele za Mungu na mbele ya watu, damu ya Yesu inatosha, tuombe tumalize. Mama mmoja wa kwaya akasema hapana, Zakayo hakuomba msamaha kwa mdomo tu, alifungua mfuko wake (Luka 19:8). Wa tatu akasema kwa hasira: "Ndugu yetu anataka kutuua. Akienda ofisini kusema hayo, watahesabu kambi nzima upya. Watoto wa nani watalala njaa?" Mkutano ukaisha bila neno la kufunga, watu wakarudi kwenye mahema wakinung'unika.

Tangu siku ile tumebeba maswali mawili. La kwanza: mtu aliyesukumwa na njaa, je, ana cha kutubia? La pili: toba isiyorudisha kitu, je, ni toba?

Tuanze na la njaa, kwa sababu ndilo linalotupatia usingizi mzuri. Maandiko hayakulipuuza. Katika Mithali 6:30-31 tunaambiwa kwamba watu hawamdharau mwizi aliyeiba ili ajishibishe akiwa na njaa. Lakini akikamatwa atalipa mara saba, hata kama ni mali yote ya nyumba yake. Angalieni jinsi mistari hiyo miwili inavyokaa pamoja. Mwizi mwenye njaa haondolewi heshima yake, wala deni lake haliondolewi. Thomas wa Akwino, mwalimu mkubwa wa kanisa wa karne ya 13, alikwenda mbali zaidi. Alifundisha kwamba mtu aliye katika hitaji la kufa na kupona, akitwaa kilichozidi kwa mwingine ili aokoe uhai, kwa kweli hakuiba, kwa maana Mungu aliviumba vitu ili watu wote waishi.

Tuliposoma hayo tulifurahi, na furaha yetu ndiyo iliyotushtua. Tukaanza kuhesabu miezi. Mwezi wa kwanza baada ya kijana wetu kuondoka, ni kweli, chakula kilikuwa kimechelewa na mdogo wake alikuwa anaharisha. Thomas wa Akwino angekaa upande wetu. Mwezi wa tano tulikuwa tukiuza lile fungu sokoni tununue sabuni na chumvi. Hapo labda angefikiri kidogo. Mwezi wa tisa tulinunua muda wa simu. Njaa ilikuwa imetufungulia mlango, nasi tukaendelea kuingia hata siku ambazo yenyewe haikuwepo. Tena kulikuwa na kitu ambacho njaa haikutuomba kamwe. Kila mwezi tulisema uongo mbele ya mtoto wetu mdogo, aliyesimama kwenye mstari akitusikia tukijibu "yupo" kwa ajili ya kaka yake. Safari ya kwanza alitutazama. Baadaye hakututazama tena, alikuwa amezoea.

Wazee kutoka Goma watakumbuka Januari 2002. Tarehe 17 Nyiragongo ilifunguka, moto ukashuka katikati ya mji, na maelfu kwa maelfu wakavuka kuja hapa Gisenyi kulala barabarani. Siku zile wapo walioingia katika maduka yaliyoachwa wakisema "itaungua tu, ya nini kuiacha?" Siku chache baadaye kituo cha mafuta kililipuka na kuua makumi ya watu, wengi wao wakiwa katika kuchota mafuta. Hatusemi kwamba walikufa kwa sababu ya dhambi. Bwana mwenyewe alitukataza kufikiri hivyo alipoutaja mnara wa Siloamu (Luka 13:4-5). Walikuwa maskini na walikuwa na hofu. Tunakumbusha tu lile neno, "itaungua tu", kwa sababu nasi tulikuwa na la kwetu: "ni ya wazungu tu", "ni ya shirika tu". Mtu akitaka kuchukua, kwanza hutafuta namna ya kusema kwamba kitu hakina mwenyewe.

Sasa swali la pili. Neno toba, na kutubu, yamekuja katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na maana yake huko ni kurudi. Manabii wa Israeli walipowaita watu watubu, katika Kiebrania waliwaambia neno lile lile, rudini. Majirani zetu wa hapa husema kwihana, nalo linatokana na guhana, kuonya au kuadhibu; mtu anayetubu ni mtu aliyejionya mwenyewe kabla hajaonywa na mwingine. Maneno haya yote mawili yanatufaa, lakini lile la kurudi linatuuma zaidi. Sisi ni watu ambao kurudi kumetushinda. Kila mwaka tunasema mwaka huu tutarudi Rutshuru, tutarudi Masisi, tutarudi Kalehe, na kila mwaka wanafika wengine badala ya sisi kuondoka. Njia ya nyumbani imefungwa na bunduki. Njia hii nyingine haina kizuizi cha askari, na hata hivyo tunaikawia.

Basi ndugu yetu arudishe wapi? Tulitafuta jibu mpaka tukalikuta mahali ambapo wachache wetu husoma, katika kitabu cha Hesabu 5:6-8. Sheria ile inasema mtu aliyemkosea mwenziwe aungame dhambi yake, alipe alichotwaa na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Na kama aliyekosewa hayupo tena, wala hana ndugu wa kupokea malipo, basi malipo ni ya Bwana, apewe kuhani. (Mchungaji wetu alipousikia mstari huu alicheka, akasema yeye hana ghala.) Jambo lililotugusa ni kwamba Mungu aliwaza juu ya deni lisilo na wa kulipwa. Hakusema, kama hakuna wa kumrudishia, sahau. Alisema deni lihame, lipate mlango mwingine.

Na kuna kitu kinachoweza kurudishwa hata unga ukiwa umeliwa, nacho ni ukweli. Orodha ilikuwa inasema mama yu hai, na mama amelala kwenye udongo wa kilima. Ndugu yetu hakuweza kurudisha kilo hata moja. Jina aliweza kulirudisha.

Ardhi hii ya Rwanda ina historia katika jambo hili, na watoto wetu waijue. Mwishoni mwa miaka ya 1920 nchi ilipigwa na njaa kali ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Kule Gahini, kando ya ziwa Muhazi, kulikuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana, na daktari wake, Joe Church, Mwingereza, alichoka mwili na roho kwa kuhudumia watu waliokuwa wakifa. Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika, na juu ya kilima cha Namirembe akakutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja, na daktari akarudi Gahini mtu mwingine. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu kule kule Gahini, akahubiri toba kwa moto mpaka alipofariki Januari 1936 akiwa bado kijana. Yuko pia Yosiya Kinuka, aliyekuwa mkuu wa wahudumu wa hospitali. Huyu alikwenda kwa Nsibambi akiwa na malalamiko juu ya hali mbaya ya hospitali, na badala ya kuonewa huruma akaulizwa juu ya hali ya moyo wake. Tunampenda Kinuka kwa sababu anafanana nasi. Nani kati yetu hajawahi kwenda kwa mchungaji na orodha ya makosa ya wengine?

Kuanzia mikutano ya mwisho wa 1933 uamsho uliwaka Gahini, ukaenda Uganda, Burundi, Tanganyika, Kenya, hata Kongo. Alama yake ilikuwa kuungama dhambi kwa jina lake. Hawakusema "Bwana nisamehe makosa yangu yote", sala ambayo haimgharimu mtu hata jasho. Walisema niliiba kitu fulani kwa fulani, na kesho yake walionekana njiani wamekibeba wakikirudisha. Tena waliungama Mwafrika kwa mzungu na mzungu kwa Mwafrika, jambo ambalo siku zile za ukoloni halikuwa dogo.

Lakini tusiusifu uamsho bila kusema upungufu wake. Kuungama mbele ya watu kunaweza kugeuka kuwa onyesho. Aliyekuwa na ushuhuda mkali alisikilizwa sana, na asiye nao akahesabiwa kuwa bado hajaokoka. Katika ushirika wetu pia tumeona watu wakitangaza hadharani uzinzi uliohusisha mtu wa pili, na yule wa pili ameketi pale pale na mume wake. Hiyo si nuru, huo ni ukatili. Sisi tumeshika desturi hii: kosa lililotendwa kwa mtu mmoja liungamwe kwa mtu huyo, lililotendwa kwa wote liungamwe kwa wote. Atakayeona tumekosea atuandikie.

Na kuna upungufu mkubwa zaidi, ambao tunauandika kwa kutetemeka. Nchi hii iliyozaa uamsho ndiyo iliyoona mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Watu walikimbilia makanisani, Nyamata, Ntarama, Nyarubuye, wakauawa humo humo, mara nyingi na watu waliobatizwa kama wao. Inawezekanaje? Hatuna jibu lote. Tunaona sehemu yake tu, kwamba watu wanaweza kutubu pombe, sigara na wake wawili, na wasitubu maneno waliyowafundisha watoto wao jikoni juu ya jirani. Dhambi zile za kwanza zina harufu, kila mtu anazijua. Chuki ya kabila haina harufu kwa aliye nayo. Yeye huiita historia.

Na tusinyooshe kidole kwa Wanyarwanda. Sisi tuliotoka Kivu tumekuwa tukizikana tangu Masisi ya 1993, na kila kabila lina hesabu yake ya wafu ambayo huanza na mwaka inaoupenda. Katika mahema yetu ya maombi tumesikia ndugu akimwombea adui yake kifo, kwa lugha nzuri ya Zaburi, na sisi tukajibu amina. Tulidhani kwamba kwa kuwa tumepoteza nyumba, mashamba na ng'ombe, basi tumetakaswa. Lakini barabara hii ya Gisenyi imeona mambo. Julai 1994 karibu watu milioni moja waliipita kwa siku chache kwenda Goma, na katika msafara ule wenye damu mikononi walitembea pamoja na wazee na watoto wasio na hatia, wamebeba magodoro yale yale. Mpaka haumwoshi mtu. Kila mmoja wetu alivuka na moyo aliokuwa nao upande wa pili.

Baadaye nchi hii ilijaribu kitu kigumu. Mahakama za gacaca zilianza kwa majaribio mwaka 2002, zikafungwa Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu milioni 2. Aliyekiri alipunguziwa adhabu, kwa sharti aseme yote, awataje alioshirikiana nao na aombe msamaha. Wengi wameuliza: mtu anayekiri ili apunguziwe miaka, je, ametubu? Ni swali la haki. Wapo waliosema nusu na kuficha nusu, na nusu ile iliwaumiza upya waliobaki. Hata hivyo kuna wajane waliopata kujua, kwa kinywa cha muuaji, shimo alimotupwa mume wao, wakamtoa na kumzika kwa heshima. Moyo wa muuaji yule anaujua Mungu. Mifupa ilirudi. Kama hata kukiri kwa mtu mwenye hesabu zake kunaweza kurudisha kitu kama hicho, basi aliyetubu kweli atakaaje na ukweli mfukoni?

Tuongeze hapa neno moja kwa ajili ya wale waliotendewa. Wapo kati yenu ambao waliowachomea nyumba wanajulikana kwa majina. Mtu akija kwenu kutubu, hana haki ya kudai msamaha siku ile ile kama mtu anayedai chenji. Amerudisha ukweli, na hilo lilikuwa deni lake. Msamaha ni wenu na Mungu wenu, na una wakati wake. Tumewaona wahubiri wakimlazimisha mama ashike mkono wa mtu mbele ya kanisa. Msifanye hivyo.

Hapa hapa mjini kuna jina ambalo kila mtoto wa shule wa Rubavu analijua, na inafaa sisi wageni tulijue pia. Félicité Niyitegeka alikuwa Mkatoliki, mtumishi katika kituo cha Mtakatifu Petro. Alikuwa Mhutu. Mwaka 1994 aliwaficha Watutsi kituoni na kuwasaidia wengine kuvuka kwenda Goma. Kaka yake, aliyekuwa ofisa wa jeshi, alimpelekea habari aondoke ajiokoe. Alimjibu kwa barua kwamba hawezi kuwaacha aliokuwa nao, afadhali afe pamoja nao. Tarehe 21 Aprili walichukuliwa wote wakapelekwa makaburini, mahali paitwapo Commune Rouge, na huko akauawa pamoja nao. Rwanda imemweka katika mashujaa wake wa daraja la Imena.

Kanisa letu si la Kikatoliki, na baadhi yenu mtauliza kwa nini tunamweka katika ukurasa huu. Ni kwa sababu tunapozungumza juu ya kuishinda dhambi, mawazo yetu huenda kwenye mambo ya kujizuia tu: usinywe, usiibe, usiangalie. Yeye alipewa nafasi ya kutofanya kosa lolote ambalo mtu angelimhukumu nalo. Angeondoka tu. Nani angemlaumu mwanamke wa miaka 60 kwa kuondoka? Hatujui aliomba nini asubuhi zake za miaka yote iliyotangulia, wala hatutaki kumtungia. Lakini hatuamini kwamba mtu hujibu vile kwa mara ya kwanza siku ile. Nadhani, na hapa tunakisia, alikuwa amekwisha kukataa mambo madogo mengi ambayo hakuna aliyeyaandika.

Na mambo madogo ndiyo tuliyo nayo sisi. Chukueni Petite Barrière. Wamama wetu wengi wamelisha watoto kwa kuvuka pale na vikapu vya nyanya, vitunguu na maziwa, na kazi yao ni ya heshima. Lakini tumesikia pia sala hii: "Bwana, wafumbe macho watu wa forodha." Mama anaomba hivyo akiwa amefunga vitenge vitatu chini ya kile kimoja, na akivuka salama anatoa shukrani kanisani. Tulicheka tulipoisikia. Kisha tukajiuliza ni sala zetu ngapi za namna hiyo, tunazomwomba Mungu asaidie jambo ambalo tungeona haya kumweleza.

Juu ya kushindana na majaribu, hatuna siri kubwa. Yusufu hakubaki chumbani kuthibitisha kwamba ana nguvu. Aliacha vazi akakimbia (Mwanzo 39:12). Ndugu mmoja wa ushirika wetu aliyekuwa mtumwa wa kasiksi miaka mingi anatuambia kwamba hajawahi kuishinda chupa iliyo mezani. Anaishinda akiwa bado njiani, kwa kupita barabara ya juu, iliyo ndefu, yenye matope, isiyopita mlango wa mama muuzaji. Akiona miguu inataka kushuka barabara ya chini, anampigia simu mmoja wetu, na huyo haulizi mengi. Anasema "nakuja". Wakati mwingine hufika amechelewa. Yakobo 5:16 anatuambia tuungame sisi kwa sisi, na tumezoea kuusoma mstari huo kwa habari ya dhambi iliyokwisha kutendwa. Tumegundua kwamba unafaa zaidi ukisomwa mapema, wakati dhambi ingali mawazo.

Tena mtu akianguka mara ya pili asiache kurudi kwa sababu ya aibu ya mara ya kwanza. Petro alikana mara tatu kando ya moto wa makaa, na Bwana alipomwandalia samaki kule Galilaya, Yohana anaandika kwamba palikuwa na moto wa makaa (Yohana 18:18, 21:9). Aliulizwa mara tatu. Kila swali lilimchoma, maandiko yanasema alihuzunika, lakini hakuna aliyemfukuza kwenye chakula.

Turudi kwa ndugu yetu. Jumatatu ile alikwenda ofisini, na wazee wawili wakamsindikiza. Njiani aliwaambia jambo ambalo hakulisema kwenye maombi. Alisema njaa ilikuwa sababu, lakini haikuwa peke yake. Kila mwezi, mgao ulipotolewa, jina la mama yake lilisomwa kwa sauti mbele za watu, na yeye alijibu kwa niaba yake, na kwa muda huo mdogo mama alikuwa bado yumo katika hesabu ya nyumba. Aliogopa siku litakapofutwa, kama mtu anayekwenda kuzika mara ya pili.

Kijana aliyekuwa mezani alimsikiliza, akauliza tarehe ya kifo, akaandika, akapiga mstari kwa kalamu ya bluu. Hakuna kambi iliyohesabiwa upya. Kwa miezi mitatu ndugu yetu alitoa sehemu ya fungu la nyumba yake kwa familia iliyokuwa imefika karibuni na bado haijaandikishwa, watu wa kabila ambalo yeye hakuwa na sababu ya kulipenda. Mke wake hakufurahi na alisema hivyo.

Sisi hatukwenda Jumatatu ile. Tulisema tungoje tuone watamfanya nini. Wiki ya pili ilinyesha. Wiki ya tatu tulikwenda na mtoto wetu mdogo, tukasimama kwenye mstari ule ule, na zamu yetu ilipofika tukasema kijana hayupo, alirudi Goma, na hayupo kwa muda mrefu. Mtoto akainua macho akatutazama.